Kadi Moja kwa Kaya

Tabibu Salehe alizikwa Kisarawe siku ya Jumanne, baada ya swala ya adhuhuri. Nilichelewa kufika kwa sababu nilirudi nyumbani kutoka kituoni kuhakikisha kwamba nimefunga mlango, na nilipokuta nimeufunga nikaanza kuwa na wasiwasi na jiko. Wanaume walikuwa wameshakwenda makaburini. Nilikaa ndani na wanawake, kwenye mkeka, nimejifunga kanga ya kuazima, na mtu aliyeniletea sahani ya wali alikuwa Mwantumu. Hatukuwa tumeonana kwa miaka mingi. Alinitazama kidogo, akasema, "Editha. Umenenepa, afadhali. Kula kabla haujapoa," kisha akaenda kuhudumia wengine. Baadaye alikuja kukaa karibu yangu, akanyoosha miguu, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba watu wa Vihingo walikodi gari zima kuja kumzika Tabibu. Hatukuzungumza zaidi ya hapo. Msibani hakuna nafasi ya mazungumzo marefu. Lakini jina la Vihingo lilitosha. Njia yote ya kurudi niliuwaza mwaka ule mmoja tuliofanya kazi pamoja, sisi watatu, na nilipofika nyumbani nilikuwa sijawaza jiko hata mara moja.

Nina miaka thelathini na moja. Najua watu wa umri wangu hawaandiki kumbukumbu za maisha yao, na wachache wanaoandika wamefanya jambo la maana. Mimi sijafanya. Mwaka ule nilikuwa karani wa takwimu kwenye utafiti mdogo wa ugonjwa wa fizi, na kazi hiyo niliipata kwa sababu aliyeajiriwa kwanza hakutokea. Sikuwa na chuo. Takwimu nilijifunza mwenyewe kwenye simu, kwa video za bure, nikizirudia mpaka bando linaisha, na mpaka leo kuna maneno ya kazi hii ambayo nayajua kwa kuyasoma tu. Nikiyatamka mbele ya waliosoma hushusha sauti. Nikiulizwa nilijifunzia wapi, hujibu kwamba nilijifunza mwenyewe. Jibu hilo ni la kweli nusu, na nusu iliyobaki ndiyo ninayoiandika hapa.

Mimi na Mwantumu tulipanga chumba kimoja Misugusugu, nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi. Yeye alikuwa mtaalamu wa maabara, mwenyeji wa Kisarawe, amenizidi miaka mitatu. Chumba kilikuwa na dirisha moja lililotazama rundo la mabati ya mwenye duka, na jua la asubuhi likigonga mabati yale lilirudi ndani kwetu mara mbili ya lilivyotoka. Vitanda viwili, jiko la gesi la mtungi mdogo, ndoo za maji, kamba ya nguo iliyopita katikati kama mpaka. Upande wangu kila kitu kilikuwa kimepangwa kwa urefu. Upande wake kulikuwa na kiti ambacho hakikukaliwa na mtu tangu tuhamie, kwa sababu ya nguo. Ukuta wa kushoto ulikuwa mwembamba na nyuma yake waliishi mke na mume kutoka bara, wafanyakazi wa kiwanda Zegereni, ambao waligombana kwa adabu sana. "Baba Joel, mimi nimesema tu." "Nimesikia ulivyosema, Mama Joel." Mwantumu aliwasikiliza kama redio. Mimi niliwasikiliza nikiogopa kwamba na wao wanatusikia, na hasa kwamba wananisikia mimi nikihesabu. Nilikuwa na tabia ya kuzisoma tena kwa sauti namba nilizoingiza mchana, safu kwa safu, kabla sijalala. Mwantumu aliniambia siku moja, "Wewe utaolewa na kikokotoo." Sikucheka, kwa sababu nilikuwa nimepoteza nilipofika.

Utafiti wenyewe ulikuwa hivi. Ugonjwa wa fizi huanza kimya. Mtu anapiga mswaki, anaona damu kidogo, anatema, anaendelea na siku yake. Chini ya fizi, bakteria wanatafuna kinachoshikilia jino, na mtu akija kuhisi maumivu jino limeshalegea. Kuujua mapema kunahitaji kiti, taa, na mtu mwenye kile kijiti chembamba cha chuma chenye alama za milimita, anayekichomeka kati ya jino na fizi na kusoma kimeingia kiasi gani. Mbili au tatu ni salama. Kuanzia nne mambo yanaanza kuharibika. Sasa zahanati nyingi hazina kiti wala mtu huyo. Lakini mwili unapopigana na bakteria wale hutengeneza kingamwili, na kingamwili zinaonekana kwenye damu, hata kwenye matone machache ya kidoleni yaliyokaushwa juu ya karatasi. Wazo la Daktari Onesmo, mkuu wetu, lilikuwa kwamba nesi yeyote anaweza kuchoma kidole. Damu ikionyesha kingamwili nyingi, mtu huyo ndiye asafiri kwenda kwenye kiti, wengine wasisumbuliwe. Kazi yetu ilikuwa kuhakikisha kama damu na kinywa vinasema jambo moja. Mwantumu alichukua damu na kuipima. Tabibu Salehe, tabibu wa meno mwenye mvi na vidole virefu, alipima vinywa. Mimi niliweka namba zao kwenye safu mbili na kuangalia kama zinafuatana.

Tulianza kwa kupimana wenyewe. Damu yangu ilisoma chini kabisa na Tabibu hakukuta hata tatu, na nakiri kwamba nilijivunia kama mtu aliyefaulu mtihani. Nilimwandikia dada yangu ujumbe. Damu ya Mwantumu ilisoma kati kwa kati. Alisema, "Hiki kipimo hakisemi jino lipi, wala hakisemi ni la leo au la mwaka juzi. Kinasema tu, huyu mtu mwangalieni." Akaenda akaangaliwa, akakutwa na nne mbili upande wa juu, akasafishwa, akala chipsi mayai mchana uleule.

Kibaha mambo yalikwenda vizuri. Zegereni tulipewa chumba kando ya geti la kiwanda, chenye harufu ya chuma kilichokatwa, na wafanyakazi walikuja mmoja mmoja na vitambulisho shingoni, wakatoa kidole, wakavuka kwa Tabibu, wakafungua kinywa. "Fungua kama unamwita mtu aliye ng'ambo ya bonde," Tabibu aliwaambia, na wanaume wazima walifungua huku wakitazama dari kwa aibu. Misugusugu tulipita vyumba vya wapangaji. Safu zangu mbili zilifuatana vizuri kiasi kwamba niliogopa. Nilidhani nimenakili safu moja mara mbili. Nilizirudia zote kutoka kwenye kadi. Zilikuwa sawa. Daktari alianza kusema kwenye simu, mlango wake ukiwa wazi, maneno kama "matokeo yanatia moyo."

Halafu tukaenda Vihingo, wilaya ya Kisarawe. Ilikuwa wakati wa kiangazi, barabara ya vumbi jekundu, mkaa umefungwa kwenye viroba kando ya njia. Zahanati ilikuwa na veranda na chumba kimoja. Mhudumu wa afya wa pale kijijini alikuwa Bi Pili, mama wa makamo, mwembamba, anayetembea haraka na kuwaita watu kwa majina ya watoto wao. Yeye ndiye aliyewakusanya. Kadi zetu hazikuwa na majina, kwa ajili ya siri ya mtu. Zilikuwa na namba tu, na juu yake Daktari alichapisha neno "Kaya", kwa sababu namba zile zilitoka kwenye daftari la kaya la kijiji. Bi Pili alizigawa jioni kabla hatujafika. Asubuhi Mwantumu alikaa verandani na sindano zake, Tabibu akakaa ndani na taa ya kichwani, na watu walikuja mpaka mchana, kadi mkononi. Niliiona siku ile kuwa nzuri kuliko zote. Hapakuwa na msukumano, hapakuwa na aliyekataa. Tulikula mihogo ya kuchemsha na chai ya mchaichai, na Tabibu akasema kijiji hiki kina nidhamu kuliko kiwanda.

Baada ya wiki chache namba za Vihingo zilikuwa mbele yangu na hazikufuatana na chochote. Vinywa vibovu kabisa vilikuwa na damu isiyo na kitu. Kinywa kimoja, kadi ambayo baadaye sote tuliijua kwa namba yake, Tabibu alikikuta safi, fizi ngumu, hazikutoka damu hata tone. Damu ya kadi hiyohiyo ilisoma juu kuliko zote tulizokusanya Kisarawe na Kibaha. Nilizirudia kutoka kwenye kadi. Nikazirudia tena. Kwa siku mbili sikula kitu cha maana, kwa sababu kosa likiwa la kuingiza namba basi ni langu, na mimi ndiye niliyekuwa sina cheti cha kuonyesha. Nilipohakikisha kwamba namba zangu ni sahihi nilisikia njaa. Nilikula sahani mbili za wali na maharage kwa mama lishe aliye mbele ya ofisi, na ndipo katikati ya sahani ya pili nilipoelewa maana yake: kama si mimi, basi ni Mwantumu.

Daktari Onesmo alielewa hivyohivyo. Hakuwa mtu mkali. Alimwita ofisini, na mimi nilikuwa kwenye meza yangu, nyuma ya kabati, nikayasikia yote. Alimwambia arudie vipimo kwa damu iliyobaki kwenye karatasi. Mwantumu alirudia. Vishimo vya sahani yake ya vipimo, ambavyo hugeuka manjano penye kingamwili, vilibadilika palepale vilipobadilika mara ya kwanza, na vile vilivyobaki vyeupe vikabaki vyeupe. "Basi hukukosea maabara," Daktari alisema. "Ulikosea kule. Ulichanganya karatasi na kadi."

"Sikuchanganya."

"Niambie basi damu hii inatoka wapi, kwenye kinywa kama hiki."

"Sijui, Daktari. Najua tu ni ya mtu aliyekaa mbele yangu na kadi hii mkononi."

"Mkataba wako unaisha mwezi ujao," Daktari alisema, bila kupandisha sauti. "Sitaweza kuuongeza. Na ikibidi nieleze kwa waliotoa fedha kilichotokea Vihingo, itabidi nieleze sampuli zilichanganywa na nani. Baraza linalokusajili litapata nakala. Sifurahii."

Mwantumu alitoka, akapita mezani kwangu, akachukua mkoba wake. Chumbani siku ile alifua nguo zote zilizokuwa kwenye kiti. Mke na mume wa upande wa pili walikuwa wanazungumza juu ya bei ya simenti na yeye hakuwasikiliza. Aliniuliza, "Wewe unaonaje?" Nikamwambia namba zangu ni sahihi. Hilo ndilo nililomjibu. Alitingisha kichwa kama mtu aliyeambiwa ni saa ngapi. Nimefikiria mara nyingi kwa nini sikusema zaidi, na sipati jibu lenye heshima: nilikuwa bado najisikia nafuu.

Vinywa vibovu vya Vihingo vilibaki vibovu, hata damu iseme nini, na wenye navyo walitakiwa kupewa rufaa kwenda hospitali ya wilaya. Daktari alinituma mimi na Tabibu tuzipeleke. Mwantumu alibaki Kibaha kukabidhi vifaa. Tulifika kwa Bi Pili karibu na mchana, akatuweka uani, kwenye kivuli cha paa la jiko, ambapo wanawake watatu walikuwa wanamenya mihogo kwenye beseni. Tukaamkia, tukaamkiwa. Alitupakulia ugali wa muhogo na kisamvu cha nazi, akatuomba radhi kwamba hakuna kitoweo. Tabibu alikula kwa vidole vyake virefu, taratibu, akitafuna upande mmoja. Meno yake mwenyewe, alikuwa akituambia, yalikwisha kwa kuwatazama wengine. Mimi nilikula nikiwaza usafi wa beseni, na wanawake waliendelea na mazungumzo yao bila kutujali, kama watu wanavyofanya mgeni akishakaribishwa vya kutosha.

"Asha wangu kaenda Mlandizi," alisema Bi Tatu, mama mnene mwenye meno ya mbele yaliyoachana. "Kapata kazi ya hoteli."

"Kidole kilipona?"

"Kidole kitu gani. Alivyokuja nyumbani ananikunjia uso, mama nimekutolea damu, nipe nyama yote. Nikamwambia mimi nimepanua mdomo kwa yule mzee mpaka taya limeuma, nani anipe mimi nyama?"

Walicheka. Tabibu naye alicheka, kwa kuwa yeye ndiye mzee aliyetajwa. Mimi nilishika tonge mkononi. Nilimuuliza Bi Tatu, kwa upole kadiri nilivyoweza, kama siku ile ya kadi alichomwa kidole yeye. Alinitazama kwa mshangao mdogo. "Mimi? Mimi nina presha, mwanangu. Damu alitoa Asha. Mimi nilileta meno."

"Kadi ilikuwa moja?"

"Si ya kaya?"

Bi Pili alikaa chini, akajifuta mikono kwenye kanga, na akatueleza kama anavyoeleza mtu asiyejua jinsi ya kufika sokoni. Vyandarua huja kwa kadi moja ya kaya, na anayekwenda kuchukua ni yeyote mwenye nafasi. Mbegu vivyohivyo. Sisi tulisema tunataka kinywa na damu kutoka kila kaya. Basi aliwaambia watu kwamba mwenye tatizo la meno aende akaonyeshe meno, na mwenye damu ya kutosha atoe damu. Wenye tatizo la meno ni watu wazima, na watu wazima wa Vihingo wengi wana presha, au wametoka kujifungua, au wameambiwa zahanatini kwamba damu yao pungufu. Wageni wanatoka Kibaha kutafuta damu, huwezi kuwapa ya mtu mgonjwa. "Mimi mwenyewe nilikuwa nimeugua," alisema. "Meno sina tatizo, lakini mimi ndiye mhudumu, nikaona nionyeshe mfano, nikaingia kwa Tabibu. Damu akatoa mwanangu Shabani. Yule ana damu nyingi, anabeba magogo." Nilimuuliza namba ya kadi yake, ingawa nilishaijua. Aliingia ndani akaitoa chini ya godoro, safi, haijakunjwa hata kona.

Njiani, tulipoacha vumbi, Tabibu alifungua dirisha. Kisha akasema, "Kijiji kizima kilitupa kitu kizuri walichokuwa nacho, na sisi tukamshitaki binti wa watu." Nilitamani kumsahihisha kwamba hajashitakiwa bado. Ndivyo nilivyokuwa.

Daktari alisikiliza mpaka mwisho, mikono juu ya meza. Alisema ni maelezo mazuri, na inawezekana ni ya kweli, na pia inawezekana ni watu wema wanaomwokoa binti wa wilaya yao. Mwantumu alikuwa amesimama karibu na mlango na boksi la glavu alilokuwa anakabidhi. Ndiye aliyesema tufanye nini. "Namba za damu mnazo. Waliotoa damu wanajulikana. Msinipime mimi, wapimeni wao. Kama damu ile ni yao, vinywa vyao vitafanana nayo. Tabibu asionyeshwe namba. Na mimi nitakaa nje."

"Na visipofanana?" Daktari aliuliza.

"Andika barua yako."

Tulikwenda wote wanne. Nakumbuka chumba kile cha zahanati kuliko vyumba nilivyoishi: kuta za rangi ya buluu mpaka kiunoni, bango la unyonyeshaji lililopauka, benchi, kiti cha plastiki alichokalia mgonjwa na kichwa kikiegemea mto wa Bi Pili. Daktari alisimama dirishani. Mimi nilikaa nyuma ya Tabibu na namba za damu kwenye karatasi iliyofunikwa mapajani. Mwantumu alikaa kwenye ukingo wa veranda, mgongo wake ukionekana mlangoni, anazungumza na wanawake mambo mengine kabisa, nani kaolewa na nani. Asha alirudi kutoka Mlandizi kwa ajili hiyo, na kinywa chake kilikuwa kisafi, mbili na mbili na mbili, kama damu ilivyosema. Wakafuata wengine, vijana wengi, mabega mapana, vinywa salama, damu isiyo na kitu. Zilifuatana. Nilimwona Daktari akianza kulegea. Lakini vijana wote wana vinywa salama, na Daktari alijua hivyo, na mimi nilijua. Vinywa vizuri visingetosha. Kila kitu kilikuwa kinamsubiri mtu mmoja, na mtu huyo alikuwa hajafika.

Shabani alikuja mchana, moja kwa moja kutoka porini, vumbi la mkaa kwenye nyusi. Alikuwa na miaka ishirini na nne na meno meupe mazuri kabisa, na nilipoyaona moyo wangu ulishuka. Aliketi, akamtania Tabibu. "Mzee, ukiona dhahabu humo tugawane."

"Nikiona dhahabu sikuambii. Fungua."

Tabibu alianza mbele. Alikuwa akitamka na mimi naandika. Tatu, mbili, tatu. Kisha akarudi nyuma kidogo. Tano. Aliinamisha taa. Akaenda kwenye magego ya chini, yale ya kwanza, akachomeka kijiti, na kijiti kikazama kwenye fizi ambayo kwa nje haikuwa na dalili yoyote. "Saba," alisema. Upande wa pili. "Sita. Saba." Alilishika gego kwa vishikio vya vyombo vyake viwili na likacheza. Damu ilichuruzika kwenye mdomo wa Shabani, naye hakuonekana kusikia maumivu.

Mimi nilikuwa nacheka. Sikutoa sauti, lakini uso wangu wote ulikuwa umefunguka, na nilikuwa nimeshaifunua karatasi ya mapajani na kumwonyesha Daktari kwa kidole, namba kubwa kuliko zote, kadi ya Bi Pili, na Daktari alikuwa anatikisa kichwa kukubali, naye akitabasamu. Kipimo kilikuwa kimemkuta mtu ambaye hakuna aliyemtazama kinywa, kwenye kadi ya mtu mwingine, kabla yeye mwenyewe hajajua. Kilikuwa kimefanya kazi vizuri kuliko Daktari alivyowahi kusema kwenye simu. Ndipo Shabani, kinywa bado wazi, macho yamegeuka upande, aliponiona. Alimsukuma Tabibu mkono taratibu, akatema kwenye beseni.

"Dada unacheka nini?" aliuliza. "Ni nzuri?"

Nilijaribu kuurudisha uso wangu mahali pake na haukurudi haraka. Mama yake alikuwa ameshafika mlangoni. Mwantumu alikuwa nyuma yake. Alikuwa amezisikia namba kutoka nje, kila moja, na alijua maana yake kwake kuliko mtu yeyote mle ndani. Alipita kati yetu akasimama mbele ya kile kiti.

"Anacheka kwa ajili yangu," alimwambia Shabani. "Si kwa ajili yako. Mimi nilikuwa napoteza kazi na sasa sipotezi. Wewe una ugonjwa wa fizi, na umekwenda mbali."

Shabani alipitisha ulimi kwenye magego. "Lakini hayaumi."

"Ndiyo. Huwa hayaumi."

"Yatang'oka?"

"Mawili labda. Yaliyobaki tutayapigania, ukija hospitali kila utakapoitwa. Na ndugu zako nao tutawatazama, ugonjwa huu ukimpata mtu wa umri wako mara nyingi haukai kwa mmoja."

Alifuta mdomo. "Mbona wewe basi hucheki?"

"Nitacheka nikimaliza na wewe."

Tabibu alimpisha Mwantumu kwenye benchi. Mwantumu alivaa glavu, akachukua kioo kidogo na kingine kikubwa cha mkononi ambacho Bi Pili alikimbilia nyumbani kukileta, akampa Shabani hicho kikubwa ashike mwenyewe, na akaanza kumwonyesha kinywa chake jino kwa jino, lililo zima na lililolegea, huku mama yake akiwa ameinama begani kwao anatazama. Daktari Onesmo aliondoka dirishani. Alikuja mpaka karibu, akakohoa kidogo, akasema, "Mwantumu, naomba dakika moja, kuhusu mkataba." Mwantumu hakugeuka. Alisema, "Samahani Daktari, nina mgonjwa," na Daktari akarudi ukutani, akasimama chini ya lile bango, akasubiri.